Kikomo Nilichokipima Wiki ya Mvua

Neema na Gerald, siku mlipokuwa mnaniaga hospitalini nikistaafu mliniomba jambo moja tu. Mlitaka niwaandikie zile namba za vikomo vya diski zilitoka wapi, maana mmezikuta kwenye kila mashine na hakuna anayejua kwa nini maabara ina kubwa na picha za eksirei zina ndogo. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Nimekaa miezi miwili hapa Gehandu na daftari mbele yangu, naanza, naacha, natoka kwenda kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote. Leo nimejifungia ndani. Ila sitaanza na namba, nitaanzia mbali, na mtanivumilia kwa sababu sasa hamna tena uwezo wa kuniambia tuko nje ya ajenda.

Kabla ya yote niseme kwamba nina hamu na kazi. Sikutegemea. Miaka yote nililalamikia ule mngurumo wa feni za seva, na sasa naamka asubuhi, nasikia kimya cha shamba, natafuta kitu cha kunguruma. Nina hamu na chai ya Sista Anjela kwenye kikombe kisicho na mkono. Nina hamu na Paskali wa maabara akinipigia simu na kuanza na "Mama Hadija, usikasirike." Nina hamu hata na ule ukungu wa Mbulu unaoingia ofisini bila hodi. Na zaidi ya wote nina hamu na mzee mmoja ambaye ninyi hamkumkuta kazini, na huyo ndiye nitakayeanza naye.

Nilifika Mbulu kutoka Kasulu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, barua ya ajira, kanga mbili na viatu vya wazi. Ilikuwa Julai. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba katika nchi hii kuna mahali mtu anaongea asubuhi na maneno yake yanatoka na moshi. Nilisimama kwenye geti la hospitali natetemeka, akatokea mwanamume mrefu mwenye koti zito na spana mkononi, akanitazama miguu kabla ya uso.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Binti, hiyo miguu umetoka nayo wapi?"

"Kasulu."

"Basi ya Kasulu ivalishe soksi. Huku itakufa."

Huyo ndiye Mzee Tluway, fundi wa maji na jenereta, mtu wa Gendabi kule Hanang. Wakati huo hakuwa mzee wa umri, ila alitembea taratibu na kusimama kila penye bomba kana kwamba limemwita. Siku hiyohiyo alinipitisha jengo kwa jengo nikaamkie watu, kuanzia mganga mfawidhi mpaka mpishi, na kila mahali alisema, "Huyu ni wa takwimu, msimpe hesabu za uongo." Kesho yake nikakuta jozi ya soksi za sufu juu ya meza yangu. Hakuzitaja, na mimi sikuzitaja, nilizivaa tu.

Kazi yangu ilikuwa kujumlisha wagonjwa kutoka kwenye madaftari ya wodi na kupiga chapa ripoti kwa taipureta ambayo herufi ya m ilikuwa inaruka. Kwa miezi kadhaa mkoani walipokea taarifa za wagonjwa wa "alaria" na hakuna aliyeuliza. Nikimaliza mapema nilimfuata Mzee Tluway kwenye tangi. Tangi la maji lilikuwa moja, juu ya kilima nyuma ya wodi ya watoto, na majengo matano yalikuwa yananywa hapo. Shida yake ilikuwa dobi. Saa mbili asubuhi chumba cha kufulia kikifungua mabomba yao matatu kwa pamoja, daktari kwenye chumba cha upasuaji anabaki na mikono yenye sabuni, anatazama bomba linalokoroma.

Wengine wangejenga tangi la pili. Hela hazikuwepo, kama kawaida. Mzee Tluway aliweka koki kwenye bomba la kila jengo, akabana kila moja kwa kiasi chake, dobi wakapata kidogo na upasuaji ukaachiwa wazi. Mnaona ninakokwenda. Lakini kilichonishangaza si koki, ni zile wiki alizozunguka kabla ya kugusa koki yoyote. Alikuwa na kidaftari. Alikwenda kila jengo, alikaa, aliangalia wanafungua saa ngapi na wanafunga saa ngapi. Alikwenda Jumapili. Alikwenda siku ya mnada, ambapo watu wa bondeni wanapanda na malori kuuza mbuzi na ng'ombe na kuleta wagonjwa wao wote kwa safari moja, na hospitali inajaa mpaka kwenye maua. Ilipoanza mvua akafunga kidaftari, akakaa stoo kunywa chai siku nne nzima.

"Mzee, hupimi leo?" nikamuuliza.

"Koki haipimwi siku ya mvua. Siku ya mvua kila mtu ameweka ndoo chini ya bati, hakuna anayegusa bomba. Nikiandika leo nitasema hawa watu hawana haja ya maji. Halafu jua likiwaka watanitafuta."

Nilicheka. Nilidhani ni uvivu umevaa suti. Nimeyaandika maneno yake hapa kama alivyoyasema, kwa sababu siku niliyoyahitaji hayakunijia kabisa.

Miaka ikaenda. Ilikuja kompyuta ya kwanza, imefunikwa kitambaa cha fuma kama redio ya baba mkwe, nikapelekwa Arusha kujifunza, nikarudi najiona. Halafu zikaja seva, moja ya wagonjwa, moja ya dawa, moja ya maabara, kila moja na kelele zake na joto lake. Mzee Tluway alinifungia nyaya za kutuliza radi na akanijengea rafu ya mbao, na kila tulipomaliza kitu aliuliza, "Sasa huyu anakula kiasi gani?" akimaanisha umeme. Binti yake Martina, wakati huo mtoto wa shule, alikuwa akija likizo kutoka Gendabi anakaa juu ya ngazi ya tangi na muwa, anatutemea makapi. Namkumbuka hivyo. Baadaye akakua, akaolewa Yaeda Chini, na baba yake akaanza kuulizia habari za barabara ya bondeni kila mvua iliponyesha.

Alipostaafu tulimchinjia mbuzi. Hotuba zilikuwa ndefu na yeye alilala kidogo katikati. Mwisho aliniita pembeni akanipa spana yake, ile ya kufungua na kubana ukubwa wowote, ambayo mafundi wanaiita spana malaya, samahani Neema. "Hii sasa ni yako," akasema. "Na mimi nitaifungulia nini?" nikamuuliza, "kazi yangu haina nati." Akasema nitaona. Nililia kuliko nilivyolia siku nastaafu mwenyewe.

Mwaka uliofuata ndipo tukaletewa lile sanduku kubwa mnalolijua, tukazima seva zote za zamani. Ninyi mmezaliwa nalo, ila atakayesoma barua hii baada yenu pengine hatajua, kwa hiyo naeleza. Ndani ya seva moja ya chuma tuliweka kompyuta tano zisizoshikika, mashine pepe, kila moja ikiamini inaishi peke yake. Kuna ya mapokezi, ya dawa, ya maabara, ya picha za eksirei, na ya kutunza nakala. Zote zinasoma na kuandika kwenye diski zilezile. Hakuna hata moja inayojua kuna mwenzake anasubiri.

Basi ikawa kama dobi. Mashine ya eksirei ikianza kuhifadhi picha zake, na ya nakala ikianza kukusanya, mapokezi wanabofya jina la mgonjwa na wanaweza kwenda kula makande wakarudi. Foleni ikawa inafika getini. Kwenye kikao mganga mfawidhi akaniuliza nitafanya nini, nikasema nitaweka kikomo, kila mashine iwe na idadi ya mara inazoruhusiwa kugusa diski kwa sekunde moja, ikizidi isubiri. Watu wakanitazama kama nimesoma hati ya mahakama. Sista Anjela, mkunga wetu mkuu, akageuka akawaambia, "Anaweka koki. Kama za Mzee Tluway." Wote wakaitikia aaa, kikao kikaisha. Nilijisikia vizuri mpaka nikasahau kula.

Kwa hiyo nikapima. Nilikuwa na haraka, malalamiko yalikuwa mengi, nikachukua wiki moja nzima, Jumatatu mpaka Jumapili, mnada ukiwemo, na nikajiona nimefanya kama yeye. Grafu zilitoka nzuri. Mapokezi wastani, dawa wastani, eksirei mlafi, nakala mlafi zaidi. Maabara ilikuwa tulivu ajabu, karibu haigusi diski. Nikaibania maabara chini kabisa, nikaona nimepata ziada ya kuwapa mapokezi. Foleni ikapungua siku ileile. Paskali mwenyewe, mtu wa maabara, alinisifu, na Paskali hasifu kitu.

Jambo moja sikuliandika popote. Wiki ile ilikuwa katikati ya masika. Barabara ya Yaeda Chini ilikuwa imekatika, malori hayakupanda, mnada ulikuwa wa watu wa karibu wasiokuwa na shida ya kupima damu. Maabara ilikuwa tulivu kwa sababu nusu ya wagonjwa wake walikuwa wamekaa ng'ambo ya tope wanasubiri jua.

Jua likawaka. Barabara ikafunguliwa, na siku ya mnada wa kwanza walipanda watu wa wiki tano kwa pamoja. Nilikuwa ofisini saa nne asubuhi, chai haijapoa, simu ikalia.

"Mama Hadija, usikasirike. Mashine yangu imeganda."

"Imeganda au iko taratibu?"

"Nimebofya, nimekunywa maji, nimerudi, bado inazunguka."

Nikafungua grafu ya diski. Diski ilikuwa imetulia kabisa, haina kazi. Nikamwambia Paskali diski iko salama, atakuwa ni waya wake. Nikabeba kifaa cha kupimia nyaya nikaenda maabara, nikainama chini ya meza kati ya miguu ya watu, nikapima waya mmoja baada ya mwingine. Yote mizima. Nikarudi, nikatazama tena diski, imetulia. Hapo nikafanya kosa la pili. Nikaizima mashine ya maabara na kuiwasha upya, kwa sababu sisi tukikosa la kufanya tunazima na kuwasha. Mnajua mashine inapoamka inasoma mno kwenye diski. Na hii niliibana mwenyewe kwa kikomo cha siku ya tope. Ikawa inaamka kwa matone.

Wakati naitazama ikiamka, Sista Anjela akatokea mlangoni. Hakuwahi kuja chumba cha seva, alikuwa anaogopa nyaya. Glavu zake zilikuwa na damu.

"Hadija, Paskali anasema hana orodha ya damu."

"Inakuja, Sista. Inawaka."

"Nina mama anavuja damu. Mimba ya miezi minane. Kundi lake la damu Paskali amelipata kwa mkono, ila chupa za kwenye friji hajui zipi zimeshapimwa magonjwa. Majibu yako humo kwenye mashine yako."

"Dakika mbili."

"Ulimwambia Paskali hivyo kwenye simu. Ni Martina, Hadija. Martina wa Mzee Tluway."

Nikageukia skrini na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sikutazama diski, nilitazama mashine ya maabara yenyewe, muda inaosubiri kabla ya kuruhusiwa kusoma. Ilikuwa inasubiri, inasubiri, inasubiri, mbele ya diski isiyokuwa na kazi. Diski ilitulia kwa sababu mimi ndiye niliyeweka mlango. Nikafuta kikomo. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi, mashine ikawaka, orodha ikafunguka, nikamsikia Paskali anapiga kelele huko maabara, "Tayari! Tayari!" Sista Anjela alishaondoka anakimbia, na hakuwa mtu wa kukimbia.

Tangu simu ya kwanza mpaka hapo zilikuwa dakika arobaini.

Martina aliwekewa damu, akafanyiwa upasuaji, akapona. Mtoto alitoka kimya. Alikuwa wa kike. Daktari alisema pengine alishachoka njiani, kwenye lori, hakuna anayeweza kujua. Nililishika hilo neno pengine na sikuliachia miaka minane.

Kesho yake Mzee Tluway alifika kutoka Gendabi. Nilimwona kupitia dirisha akisimama kwenye tangi lake, akaligonga kwa kidole kusikiliza maji yamefika wapi, halafu akaja wodini. Baadaye akaja kwangu. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, kofia mapajani.

"Shikamoo, Mzee. Pole. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa. Wanasema mashine ilikuwa na shida."

"Ilikuwa nzito, Mzee."

"Nzito." Akatazama lile sanduku lenye taa. "Anjela anasema umeweka koki."

"Ndiyo."

Akanitazama kidogo. Akauliza kwa upole, namna ileile aliyokuwa akiniuliza zamani tukiwa juu ya kilima: "Ulipima siku gani?"

Simu yangu ikalia. Wallahi ilikuwa ni watu wa mtandao wanatangaza vifurushi. Nikaipokea, nikajifanya ni mkoani, nikatoka nje nikiongea na kinanda cha tangazo. Niliporudi hakuwepo. Kwenye lile daftari jeusi la matukio nikaandika, "Maabara: mfumo ulikuwa mzito. Umerekebishwa." Nikatia sahihi.

Sasa namba zenu. Nilipima upya kwa minada mitatu, yote ya jua, malori yakiwa yamepanda, nikakaa maabarani kwenyewe na kidaftari, nikamwona Paskali anavyofanya kazi. Kikomo cha maabara kikawa mara mbili ya kilele nilichokiona, ndiyo maana mnakiona kikubwa bila sababu. Eksirei na nakala ndizo nilizobana, kwa kuwa wao wana haraka ya uongo, picha ikichelewa kuhifadhiwa hakuna anayeumia. Mapokezi nimewaruhusu kuzidi kwa muda mfupi asubuhi wanapofungua, halafu wanarudi kwenye kiwango chao. Diski ikiwa imetulia na mtu analalamika, msimwambie yuko salama, angalieni mashine yake inasubiri kiasi gani. Na jamani, msizime na kuwasha kabla ya kuangalia kikomo. Mkibadilisha namba, andikeni pembeni mmepima siku gani na barabara ilikuwaje. Kitabu cha mafunzo hakina sehemu ya barabara, ongezeni ninyi.

Hayo ndiyo mliyoyaomba. Ningeweza kuishia hapa na kurudi kwa kuku.

Lakini Gendabi si mbali na Gehandu. Mlima Hanang ninaouona mimi nikifungua mlango ndio anaouona yeye, na miezi miwili nilikuwa naamka, nautazama, najiambia kesho. Wiki iliyopita nikafunga kilo mbili za sukari kwenye mfuko, nikaitia na ile spana, nikakodi bodaboda. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno yangu mpaka kijana wa bodaboda akauliza kama namsemesha yeye.

Nilimkuta kwenye kigoda, karibu na birika la ng'ombe alilolijenga mwenyewe, bomba lake na koki yake. Amekonda. Martina alikuwa hapo na ndoo, amepanda kutoka Yaeda kumtunza baba yake, amekuwa mama mzima, watoto wake wawili wanakimbizana na ndama. Alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti, akarudi kwenye birika.

"Shikamoo, Mzee!"

"Eeh?"

"Masikio, Mama Hadija," Martina akasema. "Jenereta zimeyamaliza. Paza sauti."

"SHIKAMOO! NI HADIJA! WA TAKWIMU!"

Uso wake ukafunguka. "Aaa. Miguu ya Kasulu." Akaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi.

Nilisogeza kiti karibu kabisa na sikio lake. Nilitaka iwe siri yetu wawili. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, siku ile uliniuliza swali, sikukujibu."

"Eeh?"

"Uliniuliza nilipima siku gani."

"Siku gani nini?"

"Kikomo. Cha maabara."

"Sikusikii, binti."

Jasho lilikuwa linanitoka na upepo wa mlima unavuma. Watoto walikuwa wamesimama wananitazama. Jirani mmoja aliyekuwa anapita na jembe akapunguza mwendo. Nikaona kama siwezi kusema kwa kelele basi nitaondoka tena nikiwa sijasema, na mara hii hakuna simu. Nikasimama.

"NILIPIMA WIKI YA MVUA!"

Ng'ombe waliinua vichwa. Martina akaweka ndoo chini.

Mzee Tluway akageukia upande wa Yaeda. "Barabara ilikuwa imekatika," akasema.

"ILIKUWA IMEKATIKA."

"Na watu wa Yaeda hawakupanda."

"HAWAKUPANDA."

"Halafu jua likawaka."

"NDIYO, MZEE."

"Ukapima tena?"

"NILIPIMA TENA. MINADA MITATU."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Akanyoosha mkono nikampa spana, akaizungusha kwa kidole kuona kama bado inabana, akanirudishia. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Nilingoja anitukane, hata neno moja, ningelipokea. Akasema tu, "Nilijua. Nilitaka uniambie wewe."

Martina alikuwa amesogea. Alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge, anaifuta na kuifuta.

"Mama Hadija, hiyo mashine ni ya siku yangu?"

"Ya siku yako, mwanangu. Damu ilikuwa kwenye friji. Dakika arobaini niliichelewesha mimi. Daktari alisema pengine haikuwa hiyo, lakini hizo arobaini ni zangu."

Alitazama birika, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo baba yake hakuweza kuisikia:

"Siku ile malori yalikuwa mawili. La kwanza liliniacha kwa sababu nilikuwa nakamua. Nilisema ngoja nimalize, nitapanda la pili. Mama mkwe akasema hapo ndipo mtoto alipokufa, kwenye ndoo ya maziwa. Na mimi nikakubali. Mpaka leo nikikamua sisemi na mtu."

Neema, Gerald, mimi nilikuwa nimefikiri siri yangu ninaibeba peke yangu. Miaka minane nilikuwa najionea huruma kwa uzito wake, na huku mzigo wenyewe ulikuwa Yaeda Chini, kichwani kwa mtoto aliyekuwa ananitemea makapi ya muwa. Nilipiga magoti pale kwenye tope la ng'ombe na umri wangu huu. Akaniinua. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Akasema, "Unaweza kuandika?"

"Naweza."

"Mama mkwe bado yupo. Niandikie. Atasomewa na katekista."

Nikamwandikia palepale, kwenye karatasi ya daftari la mtoto, kwa herufi kubwa, jina langu lote na kazi niliyokuwa nayo, kwamba lori la pili lilifika kwa wakati na aliyechelewa ni mimi. Akaikunja mara nne akaitia kwenye kibindo. Halafu akachukua ndoo, akaenda kwa ng'ombe mwenye ndama, akaanza kukamua, na baada ya muda nikamsikia anamwita mwanawe wa kike aje ashike kamba, anamtania kwamba ana mikono ya baba yake.

Sasa nawaomba kitu. Lile daftari jeusi liko rafu ya juu, ile ya mbao, nyuma ya boksi la nyaya. Tafuteni ule mstari wa maabara wenye sahihi yangu, usemao mfumo ulikuwa mzito. Ukateni kwa kalamu. Chini yake andikeni: kikomo kilikuwa kidogo, alikipima Hadija, wiki ya mvua, barabara ya Yaeda imefungwa. Acheni nafasi kidogo. Nitakuja siku ya mnada kutia sahihi.